Ukumbi Uliokuwa Ghala la Mpunga

Ukumbi wetu wa muziki pale Kibaoni ulijengwa uwe ghala la mpunga, na haujawahi kuficha asili yake. Nguzo zimesimama palepale ambapo mtu angependa kutazama, sakafu imeinama kuelekea mlangoni, na paa la bati halina dari. Mgeni akiingia huuliza ukumbi wenyewe uko wapi. Siku hizi mpunga una maghala mengine, hili tumeachiwa sisi wanakwaya, nami nalipenda na kasoro zake zote.

Pasaka iliyopita nilipangiwa kuimba peke yangu. Nilikuwa nimetoka kufanyiwa upasuaji wa koo, na sauti yangu, ambayo zamani ilisikika hadi barabarani, ilikuwa imebaki ndogo, yenye mikwaruzo. Nilikwisha kuamua kwamba nisiposikika siku ile, naacha kwaya. Nilimwambia mwalimu wetu peke yake. Akanituliza kwamba spika itanisaidia.

Watu walijaa, wengine wametoka mashambani ng'ambo ya mto, wamewaachia majirani kazi ya kufukuza ndege. Niliposimama tu, mvua ikashuka. Bwawa la umeme la Kidatu si mbali, lakini ngurumo zikianza umeme wetu huwa wa kwanza kuaga. Spika ikazima. Bati lilipiga kelele hata mimi mwenyewe sikujisikia, nikageuka nirudi kukaa.

Ndipo watu wakafanya kama wafanyavyo humo ndani siku zote mvua ikinyesha: kila mmoja akabeba kiti chake, akasogea mbele. Walinizunguka, wenye matope miguuni na wenye viatu vya sikukuu, hadi magoti yao yakakaribia kunigusa. Dari ingetuepusha na kelele zile, nami namshukuru Mungu hatujawahi kuiweka. Nikaimba nikiwatazama usoni.

Katikati ya ubeti wa pili mvua ikakatika. Nikanyamaza. Niliogopa kwamba sasa watarudi nyuma walikotoka, na sauti yangu itaishia njiani. Hakuna aliyenyanyua kiti. Mama mmoja wa Kisukuma nisiyemfahamu, mtoto amemlalia mapajani, akaniambia taratibu, "Endelea tu, dada. Tunakusikia."