Dobi Aliyefua Safari ya Siku Arobaini

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Ijumaa. Katika ua mdogo nyuma ya ukumbi wa maigizo, katikati ya jiji la Nairobi, Ndunge Mwololo anaingiza mkono kwenye kwapa la koti zito la sufu. Anautoa, anaugusisha shavuni, kisha anatikisa kichwa.

"Bado," anasema. "Nje limekauka, ndani linalia."

Koti limetundikwa kwenye kamba, hatua nne kutoka kwa jiko la makaa. Likisogezwa karibu zaidi, sufu itaungua. Likiachwa mbali zaidi, halitakauka kabla ya saa moja jioni, wakati mwigizaji atakapolivaa. Ni Agosti 2006, na jua halijaonekana Nairobi tangu Jumatatu.

Ndunge, mwenye umri wa miaka 43, ni dobi wa tamasha la kimataifa la maigizo. Kwa siku kumi kila mwaka hufua na kupiga pasi maleba, yaani mavazi ya jukwaani, ya makundi yanayokuja kutoka nje. Mwaka huu makundi ni tisa. Hulipwa shilingi 700 kwa siku. Miezi mingine huwafulia watu wa nyumba mbili mtaani Lavington na moja Kileleshwa, kazi inayompa shilingi 6,000 kwa mwezi. Ameifanya kwa miaka kumi na tisa, kwa mikono, na huenda na kurudi Kawangware kwa miguu.

"Kidole hiki hakikunji tena," anasema, akionyesha cha kati. "Na hiki kinakifuata."

Mwaka huu ana sababu nyingine ya kutolala. Tamasha hili limejengwa juu ya desturi ya kubadilishana watu. Kila mwaka mfanyakazi mmoja wa nyuma ya jukwaa hupelekwa kwa miezi mitatu katika nchi ya kundi mojawapo, akajifunze kazi. Kamati imemchagua Ndunge. Nchi ni Ufini, kaskazini kabisa mwa Ulaya. Huko atafundishwa kushona na kutunza maleba. Mama yake, aliyeko Mwala, ameuza mbuzi wawili ili pasipoti ipatikane.

Limebaki jambo moja: barua ya mwaliko. Inapaswa kutiwa saini kesho, Jumamosi, na Kaisa, mwanamke anayeongoza kundi la Ufini.

Koti lililoko kambani ni la kundi hilohilo.

"Lilifika Jumatano likiwa chafu, sijawahi kuona," Ndunge anaeleza. "Niliambiwa nilipige pasi tu. Lakini dobi hapigi pasi uchafu. Uchafu ukipigwa pasi unaiva, na ukishaiva hautoki. Nikasema hawa ni wageni, wametoka mbali, pengine hawakupata maji. Nikaliosha."

Alitumia maji baridi, kwa sababu sufu haipendi moto. Alibadilisha maji mara kumi na moja. Ya kwanza yalitoka mazito kama uji wa wimbi.

Saa nne kamili Kaisa anaingia uani. Ni mwanamke mrefu, mkimya, mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi. Ameandamana na Charmi Vora, mratibu wa tamasha, anayemtafsiria Ndunge. Kaisa anaangalia kamba kutoka mwanzo hadi mwisho. Anauliza koti liko wapi.

"Si hilo mbele yake," anajibu Ndunge, akitabasamu.

Kaisa analitazama tena. Anauliza hilo ni la nani.

Charmi hatafsiri. Anafunika mdomo kwa kiganja. "Mama Mwende," anasema polepole, akimwita kwa jina la binti yake, "umelifanya nini?"

Mwigizaji anayelivaa, Eero, anaitwa. Analishika koti kwenye ukosi, analigeuza, analigeuza tena. Anasema neno moja kwa lugha yake, kisha analirudia kwa Kiingereza. Charmi anatafsiri kwa sauti ya chini: "Anasema ni la buluu. Amelivaa miaka tisa. Hakujua kwamba ni la buluu."

Kaisa anageuka na kuondoka.

Ni Charmi anayemweleza Ndunge mchezo wenyewe. Mtu anatoka vitani na kutembea siku arobaini hadi kwao. Akifika, mama yake hamwulizi swali hata moja. Kwa dakika sita, bila neno, mama anapitisha mkono juu ya koti, doa baada ya doa: tope la kinamasi, masizi ya nyumba zilizochomwa, majivu ya moto aliolala kando yake. Watazamaji wanaisoma safari yote katika mkono ule. Madoa yaliwekwa kwa rangi, gundi na udongo, na kila mwaka yaliongezwa.

Bila madoa, hakuna mchezo.

Wahome, msimamizi wa jukwaa, amefika na kusimama mlangoni. "Sasa huyu jamaa ametoka vita ama ametoka harusi?" anauliza. Hakuna anayecheka. Anakohoa. "Pole, mama. Lakini hii kitu imekuwa safi mbaya."

Ndunge anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mikono imelala mapajani, viganja juu. "Nimejifukuza mwenyewe," anasema. "Ile barua nimeifua na koti."

Kisha anauliza kama ukumbini kuna chaki.

Wahome anamletea kipande. Ndunge analishusha koti, analitandaza juu ya meza ya pasi na kuanza kuchora. Hapa duara. Hapa mstari. Hapa umbo la jani.

"Mkono wa kushoto kulikuwa na masizi, kutoka hapa mpaka hapa," anasema. "Yalinimalizia kipande kizima cha sabuni. Chini hapa, tope, limepanda kama maji yanavyopanda ukutani. Hapa begani kitu cheupe kama chokaa. Hapa nta. Niliikwangua kwa ukucha."

Eero anainama juu ya meza. Mwigizaji wa nafasi ya mama, Marjatta, anakuja pia. Anafumba macho na kupitisha mkono hewani, akifuata njia anayoijua. Mkono wake unasimama pale ambapo chaki imesimama. Unasimama tena, na chaki iko hapo.

Marjatta aliujua mpangilio wa madoa. Eero alijua uzito wake. Ila ukubwa wa kila doa, unene wake na kilicholitengeneza, hakuna aliyevijua isipokuwa mtu aliyeyatoa.

"Doa likikutesa, huwezi kulisahau," anasema Ndunge.

Alama za chaki ni ishirini na mbili. Saa ni nne na dakika hamsini.

Surjit, mjumbe wa kamati mwenye duka la vifaa vya ujenzi Dagoretti Corner, anaitwa na gari lake. Dukani kwake Ndunge anachukua gundi ya mbao na chokaa. Nyuma ya duka anachota udongo kwenye debe.

"Mama, nimeuza rangi miaka thelathini," Surjit anamwambia, akimpimia gundi. "Hakuna mtu ashawahi kuniuliza rangi ya matope. Hata wale wanajenga na matope."

"Leo niuzie, kesho utanicheka."

"Nakucheka leo. Kesho labda hutakuwa na kazi."

Wanarudi ukumbini saa saba. Ndunge anapaka tope kwenye kitambaa cha majaribio na Wahome anawasha taa za jukwaa. Udongo wa Dagoretti ni mwekundu. Chini ya taa unawaka kama damu.

"Ai, huyu amechinja ng'ombe," anasema Wahome.

Charmi anatazama saa. Anamwuliza Wahome, kwa sauti ya kunong'ona, kama kundi la Brazil linaweza kupanda jukwaani badala ya Ufini jioni hiyo. Ndunge anasikia. Hainui uso.

"Bwana Surjit," anaita, "zile nyumba unajenga Kileleshwa, mafundi wanachonga mawe?"

"Wanachonga."

"Vumbi lake ni la kijivu?"

Surjit tayari anatafuta ufunguo wa gari.

Saa tisa na nusu wako ukumbini tena, na vumbi la mawe limejaa magunia mawili. Ndunge amepitia pia jikoni kwa mama ntilie mmoja na kukwangua masizi ya sufuria tatu. Anachanganya vumbi na gundi na majani ya chai yaliyochemshwa sana. Anapaka kwa brashi ileile ya kufulia. Kila anapopaka, mabega yake yanapanda juu, kama mtu anayetarajia kupigwa.

"Unajua inavyouma?" anauliza bila kuacha kazi. "Miaka kumi na tisa mtu akinipa nguo, napigana na hii. Sasa mimi ndiye naiweka."

Saa kumi na robo Kaisa anaingia. Hajaonekana tangu asubuhi. Anavuta kiti, anakaa upande wa pili wa meza na kutazama. Wahome ananyoosha shingo mlangoni, anamwona, anarudi alikotoka. Ndunge anamaliza begani, anahamia mgongoni. Anaishika brashi kwa mikono miwili.

Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, koti lina uzito wake tena, na lina maji yake tena. Makaa yanawashwa upya. Wahome anapepea kwa kifuniko cha debe, huku akilaani hali ya hewa.

Saa moja jioni ukumbi umejaa. Ndunge amesimama nyuma ya pazia la upande, akiwa ameshika pindo lake. Eero anaingia jukwaani na koti. Kwa macho ya mtu asiyejua, ni koti lililotembea siku arobaini.

Mama anainuka. Mkono wake unaanza chini, kwenye tope. Unapanda gotini. Unapita kwenye masizi ya mkono wa kushoto, unakaa hapo, unaendelea. Ukumbi umenyamaza hivi kwamba honi ya gari inasikika kutoka barabarani. Mkono unafika begani, kwenye chokaa. Unakwenda nyuma ya shingo, chini ya ukosi.

Hapo unasimama.

Ndunge anauma pindo la pazia. Chini ya ukosi, ambao mezani hakuna aliyeuinua, palikuwa na doa la ishirini na tatu. Hakulichora. Hakulipaka. Pale pana buluu tupu, upana wa viganja viwili.

Mkono wa Marjatta hautoki. Vidole vinaikunjua buluu ile, vinaifunika, vinaifunua. Mpangilio unamtaka aendelee kwenye kifua. Haendelei. Anaulaza uso wake hapo, kwenye kipande kisicho na safari, na mabega yake yanaanza kutikisika. Katika safu ya mbele mwanamume mmoja anavua miwani na kufuta macho.

Baada ya makofi, Kaisa anakuja moja kwa moja nyuma ya jukwaa. Charmi yuko kando yake. Swali ni fupi: pale ukosini, Ndunge alipaacha kwa makusudi?

Charmi anapotafsiri anaongeza lake, kwa haraka, kwa Kiswahili: "Mama Mwende, fikiria kabla hujajibu. Barua ni kesho."

Ndunge anafikiria. Inaonekana usoni kwamba anafikiria.

"Mwambie nilisahau," anasema. "Mwambie lile lilitoka kwa maji ya kwanza, halikunisumbua. Ndiyo maana sikulikumbuka."

Kaisa anasikiliza tafsiri. Anatikisa kichwa mara moja, anaondoka. Hakuna anayejua maana yake. Ndunge anarudi Kawangware na hilo.

Jumamosi saa tano barua inafika mikononi mwa Charmi. Imetiwa saini. Lakini haikuandikwa kama ilivyokubaliwa. Mahali palipotakiwa kuandikwa kwamba Ndunge anakwenda kujifunza ushonaji na usafi wa maleba, Kaisa ameandika kwamba anakwenda kujifunza kuyachakaza: kuyazeesha, kuyatia tope, kuyavalisha maisha. Chini ameongeza kwa kalamu kwamba ukosi wa koti usiguswe.

Furaha ya Ndunge haijakaa sawa. Ubalozi unamngoja Jumanne saa mbili asubuhi, na watu waliowahi kwenda huko wamemwambia kwamba afisa huuliza kazi yako kwanza.

"Nitasema mimi ni dobi, nasafisha," anasema Jumapili, huku akikunja mashati ya Wabrazili. "Ataniuliza, unaenda kwetu kufanya nini? Kuchafua. Hebu wewe, ungekuwa huyo afisa, ungenipa viza?"

Kamati imemwandikia barua ya pili kuelezea ya kwanza. Surjit amejitolea kuwa mdhamini wake, kwa masharti kwamba akirudi anunue gundi kwake.

Akirudi, ana mpango. Amepata chumba cha kukodi Kawangware, shilingi 1,800 kwa mwezi, na mwenye nyumba amekubali kukishikilia hadi Desemba. Kila mwaka shule huhangaika kutafuta maleba ya mashindano ya drama, na mengi hukodishwa katikati ya jiji yakiwa mapya mno.

"Mtoto anaigiza maskini na shati lina mikunjo ya dukani," anasema. "Nitakodisha nguo zilizoishi. Mwende atashona, mimi nitazipa miaka yake. Vidole hivi havitaweza kukamua shuka za watu miaka mingine mitano, lakini brashi bado vinashika."

Anamaliza shati la mwisho. Analishika mbele ya dirisha, anatafuta doa kifuani, analipata. Mkono unakwenda kwenye sabuni, unasimama.

"Wahome!" anaita. "Hii ni uchafu ama ni kazi?"

"Hiyo ni supu, mama. Osha."

Anacheka kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa. Kisha anatazama kucha zake, ambazo bado zina weusi wa sufuria. Kwa siku mbili hajazisugua, yeye ambaye huwakaripia wengine kwa kucha chafu.

"Hizi naziacha hivi mpaka Jumanne," anasema. "Yule afisa asiponielewa kwa maneno, nitaweka mikono juu ya meza yake."