Mahali Alipofia

Orodha niliyosomewa kwa simu kutoka Namibia ilikuwa fupi: pasipoti, cheti cha kuzaliwa, kiapo kwamba sina mume, na cheti cha kifo cha mume wa kwanza. Vyeti vyote vipigwe mhuri wa wizara ya mambo ya nje, la sivyo kule havitambuliki. Barua ya kuniruhusu kuingia ilikuwa ya miezi mitatu tu.

Aliyenisomea orodha hiyo alikuwa fundi wa malori, mgane, mtu wa milimani Ileje. Tulijuana Mpemba, karibu na Tunduma, nilipokuwa nauza wali na chai kwenye maegesho ya malori. Lori alilokuja nalo liliharibika giaboksi, akakaa siku tisa akingoja kipuri. Siku ya kumi lori lilipona, naye akaja kunywa chai mara mbili asubuhi ileile. Baadaye alipata kazi kwenye gereji ya mji mmoja wa bandari kule Namibia, na baada ya miaka miwili ya simu akasema niende tufunge ndoa. Nikakubali.

Cheti cha kuzaliwa sikuwa nacho, kwa kuwa nilizaliwa nyumbani, Ihanda, lakini kadi ya ubatizo na cheti cha darasa la saba vilitosha kukiombea. Kikwazo kilikuwa cheti cha kifo.

Mume wangu alifanya biashara ya mahindi. Alifia Nakonde, upande wa Zambia, mwendo mfupi tu kutoka Tunduma, katika zahanati, asubuhi, kwa malaria iliyompanda kichwani. Kuvusha maiti kwa utaratibu kulitaka vibali vya pande zote mbili, na kwetu mtu hazikwi ugenini. Tukafanya kama walivyofanya wengine wa mpakani, ingawa hakuna anayelisema: tulimvusha kama mgonjwa. Mdogo wake, yaani shemeji yangu, alimwambia nesi kwamba tungerudi kesho yake kushughulikia karatasi. Akaazima pikapu. Tukamvika marehemu koti na kofia, tukamkalisha katikati na kumfunga mkanda. Shemeji akaendesha, mimi nikamshika kiuno chini ya kitenge ili asianguke.

Kwenye foleni ya magari, mbadilisha fedha mmoja aliyemfahamu marehemu akaja dirishani.

"Braza, vipi tena? Pole sana."

"Amelala," shemeji akasema. "Homa imemchosha."

"Mama, mpe maji mengi huyu."

"Ahsante," nikajibu. "Atapona."

Hilo ndilo neno la kwanza nililolisema nikiwa mjane. Tukavuka mchana kweupe. Nilijizuia kulia mpaka Ihanda, na nilipofika nyumbani, ambako sasa niliruhusiwa, kilio hakikuja inavyotakiwa. Wanawake walinitazama. Niliomboleza kimya kimya kwa miaka sita, na hata leo sijui kama nimemaliza.

Kwa nesi hatukurudi.

Nje ya ofisi za wilaya, Vwawa, palikuwa na mzee mwenye taipureta aliyewaandikia watu barua na viapo. Nilikwenda na shemeji awe shahidi wangu. Mzee akauliza marehemu alifia wapi. Nilipotaja Nakonde, akaondoa vidole kwenye mashine.

"Mama, usinitafutie kazi. Alizikwa wapi?"

"Ihanda."

"Basi alifia Ihanda. Mwenyekiti wa kijiji alikuwepo mazishini, ataandika barua, wewe utaapa, leo hii umemaliza."

"Hakufia Ihanda."

"Shemeji," shemeji yangu akaingilia, "marehemu mwenyewe hatakuja kubisha."

Mzee akacheka. Mimi pia nilicheka kidogo, maana shemeji ndivyo alivyo, hata msibani huchekesha watu. Lakini niliomba tuahirishe. Nisijisifu kwamba nilikuwa na msimamo. Nilipofika nyumbani nilichukua daftari nikaiandika sentensi ile mwenyewe, "alifia nyumbani kwake Ihanda," nione kama mkono utakubali. Mkono uliandika vizuri tu. Hapo ndipo nilipoogopa. Niliona nitakwenda kuanzisha nyumba na karatasi hiyo ndani ya sanduku, na siku mwenzangu akiniuliza mume wako alikufaje, nitashika lipi, la kwenye karatasi au la kweli?

Nikampigia fundi nikamweleza yote.

"Ulimshika njia nzima?" akauliza.

"Njia nzima."

"Tafuta karatasi ya kweli. Miezi mitatu ikiisha, nitaomba upya. Wakikataa, basi, tutajua wamekataa."

Kesho yake nikavuka kwenda Nakonde.

Nesi alikuwa yuleyule, amezidi mvi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akapiga meza kwa kiganja.

"Mwe bantu!" akasema. Ni Kibemba, yaani ninyi watu, na mpakani kinatosha kumkaripia yeyote. "Mlisema kesho. Mimi niliingoja hiyo kesho, bamayo!" Bamayo ni mama.

Hata hivyo alifungua kabati, akatoa vitabu vitatu vya wagonjwa, akaanza kupekua. Jina la mume wangu lilikuwa katika kitabu cha pili, kwa kalamu ya bluu: saa mbili na dakika kumi asubuhi, malaria kali, amechukuliwa na mdogo wake. Niliusoma mstari huo mara nyingi. Miaka yote sita nilidhani kifo chake hakipo mahali popote isipokuwa vichwani mwetu, mimi na shemeji. Kumbe mtu alikiandika siku ileile, kwa mwandiko mzuri.

Nesi akaninakilia, akagonga mhuri, akanielekeza boma, ndizo ofisi za serikali za upande ule. Karani wa boma akasema cheti kinaweza kutoka, ila aliyemchukua marehemu aje mwenyewe aeleze na atie sahihi.

Nilimkuta shemeji Ihanda akianika kahawa.

"Yaani niende kwa miguu yangu nikawaambie Wazambia kwamba nilivusha maiti?"

"Ndiyo, shemeji."

"Wewe uolewe, mimi nifungwe. Na kadi ya harusi utanipitishia kwa askari magereza?"

"Nitasema mimi ndiye niliyemshika."

"Na nani aliendesha? Malaika?"

Mkewe alitoka jikoni akasimama mlangoni na mwiko. Nikamwambia shemeji kwamba simlazimishi. Keshokutwa saa tatu nitakuwa boma, na asipokuja nitaijulisha Namibia kwamba nimeshindwa. Sikuwa namtisha. Ndivyo ambavyo ingekuwa.

Saa tatu ikafika, ikapita. Saa nne nilimwomba karani aniruhusu nikae benchi la nje. Saa tano shemeji akatokea, amevaa suti ya kanisani na viatu vina vumbi. Hakunisalimia. Aliingia moja kwa moja, akamweleza karani kila kitu, pikapu, koti, hata kofia ilikuwa ya nani. Ilikuwa yake.

"Kwa nini hukurudi?" karani akauliza.

"Niliona aibu. Na kila siku niliyochelewa, aibu ikaongezeka. Yule alikuwa kaka yangu. Nilimfunga mkanda kama gunia."

Sikujua kama naye alibeba hilo. Tulikuwa tumeishi kijiji kimoja miaka sita bila kulitaja.

Karani alimkaripia kwa muda mrefu, juu ya maradhi, juu ya sheria, juu ya askari ambao wangeweza kutukamata. Shemeji aliitikia kila neno, "Ndiyo, mkuu." Mwisho karani akavuta fomu ya waliochelewa kuandikisha.

"Na huyu mama ni nani kwako?"

"Alikuwa mke wa kaka." Shemeji akakohoa. "Sasa anaolewa. Sisi nyumbani tumekubali."

Hakuna mtu wa ukoo ule aliyekuwa amenitamkia neno hilo. Nilikuwa nimejiandaa kuondoka bila kulisikia. Shemeji akatia sahihi yake, herufi kubwa kama za mtoto wa shule, akaniuliza kama nimekunywa chai.

Cheti kilitoka wiki ya tatu. Nilikipeleka Lusaka kwa basi kikapigwa mhuri, nikarudi, nikaenda Dar es Salaam na vyeti vya upande wetu. Ofisa wa dirishani alivigeuza nyuma na mbele, akagonga, akanirudishia bila kuniuliza lolote. Barua yangu ilikuwa imebakiza siku kumi na moja.

Nilitoka nje nikapiga simu.

"Tayari," nikasema.

"Vyote?"

"Vyote. Na alipofia pameandikwa."

Nikamsikia akivuta pumzi. Kisha akaniuliza kama najua kupika samaki, kwa sababu huko karibu kila siku ni samaki. Nikamwambia nitajifunza, lakini nakuja na maharage ya Mbozi, debe zima.

"Hayo maharage," akasema, "yamegongwa mhuri?"