Verna Hahami

Verna Haukaas aliwapikia watoto wa shule yetu, hapa mashariki ya Montana, kwa miaka thelathini na mmoja, na sijawahi kumsikia akimwomba mtu radhi. Nyumba yake ilipoungua, aliivuta trela ya kusafiria, kijumba cha magurudumu alichoachiwa na marehemu mumewe, akaiegesha palepale penye majivu, akahamia. Mdogo wake, Arvid, alimwambia theluji ya kwanza itamkimbiza.

"Basi subiri uone," Verna alimjibu. "Lete na kiti."

Theluji ikaanguka, asikimbie. Ila katikati ya Januari, baridi ikiwa nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri, hita ya gesi, ambayo feni yake huendeshwa na betri, ikaanza vituko. Feni inazunguka kwa kukohoa, moto hauwaki, kisha kimya. Fundi wa mjini alikuja, akasikiliza kidogo, akasema betri imekufa. Ikafungwa mpya. Siku mbili baadaye kikohozi kikarudi, na fundi akasema kwa simu kwamba hita yenyewe ndiyo mbovu, na nyingine haipatikani mpaka mwezi wa tatu.

Mimi naishi ng'ambo ya barabara. Asubuhi iliyofuata nilimpelekea kahawa, nikamkuta amevaa makoti mawili, maji yameganda kwenye sufuria. Mara Arvid akafika na pikapu yake, hata injini hakuizima.

"Dada, fungasha. Chumba kiko tayari kwangu. Utakufa humu."

"Nikifa utanifungasha wewe. Sasa hivi nina kazi."

Alichukua mita ndogo ya kupimia umeme ya mumewe, akaigusisha kwenye betri. Volti kumi na mbili na nusu. Akaniambia niwashe hita, naye akapima nyaya zinapoingilia kwenye hita yenyewe. Tisa.

"Kule kumi na mbili na nusu, huku tisa," alisema. "Kuna mwizi njiani."

"Fundi kashasema ni hita," Arvid akasema.

"Fundi alisikiliza. Mimi nimepima."

Akanieleza huku akifuata nyaya kwa kidole: umeme ukiwa hafifu, feni haipulizi vya kutosha, na bila upepo wa kutosha kiswichi kidogo cha ndani hakiruhusu gesi ipite. Hita ilikuwa nzima. Ilikuwa inanyimwa nguvu. Waya mwekundu ulikuwa safi. Mweusi uliingia chini ya trela, ukafungwa kwa boliti kwenye chuma cha fremu. Verna alitandika zulia juu ya theluji, akalala chali, akajiburuta chini. Ana miaka sabini na mmoja.

"Toka huko, dada. Watu watanionaje mimi?"

"Watakuona umesimama, mikono mifukoni."

Boliti ilikuwa imeliwa na kutu mpaka imevimba; hapo ndipo umeme ulipokuwa ukikwama. Glavu zilimzuia kuishika, akazivua. Vidole vilipogeuka vyeupe alitoka, akavibana kwapani, akarudi. Mara tatu. Alisugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akakaza.

"Washa."

Feni ikavuma sawasawa. Sekunde kadhaa zikapita, pakasikika tiki-tiki-tiki, kisha moto ukashika. Verna alisimama mbele ya tundu la joto, mikono mbele, machozi yanamtiririka bila kuyafuta.

"Vidole ndivyo vinavyouma," akatuambia. "Mengine msiyatunge."

"Itaharibika tena," Arvid akasema.

"Itaharibika. Nitaitengeneza tena."

Arvid aliondoka bila kuaga. Nilidhani hatutamwona mpaka majira ya kuchipua. Jumapili akarudi, pikapu imejaa marobota ya nyasi kavu, akaanza kuyapanga kuizunguka trela ili upepo usipite chini. Hakubisha hodi. Verna akafungua dirisha.

"Upande wa kaskazini umepinda."

Arvid akasimama, akautazama ule upande. Akayashusha marobota yote, akaanza upya.