Fundi wa Dari na Jumba la Opera la Paris

Harufu ya jipsamu mbichi hunirudisha sebuleni kwetu Al Thumama, mtaa wa Doha, nikiwa na miaka kumi na mmoja. Mama alikuwa muuguzi. Baba alikuwa fundi wa jipsamu, ile plasta nyeupe ya kupambia dari. Alfajiri basi la kampuni lilimchukua, jioni likamrudisha nyusi zikiwa nyeupe kama za babu.

Mwaka huo mwalimu wa historia alimpa kila mwanafunzi jengo la kulieleza mbele ya darasa na wazazi. Langu likawa jumba kuu la opera la Paris. Nilinuna, maana jirani yangu darasani alipewa piramidi. Lakini Baba alipoziona picha, chai yake ilipoa. Kidole chake kilipanda ngazi za marumaru, kikapita kwenye sanamu za dhahabu, kikatua kwenye dari iliyobeba taa nzito kuliko ndovu.

"Hawa walikuwa mafundi," alisema, kama anayewasalimu.

Wiki nzima tulifinyanga mfano wa jumba hilo kwa jipsamu mezani. Mama alilalamika kwamba ugali unanuka chokaa, kisha akatukatia shuka jekundu kuukuu, tukapata pazia. Nilimsomea Baba jinsi maji yalivyofurika walipochimba msingi, wakapiga pampu miezi mingi, mwishowe wakajenga tangi kubwa chini ya jumba. Liko hadi leo. Nikamsomea pia kwamba msanifu aliyelichora alijinunulia tiketi siku ya ufunguzi. Baba alicheka mpaka akashika mbavu. "Kazi ya fundi, kiti cha mwenye nacho!"

Siku yenyewe alikuja moja kwa moja kutoka saiti, na ovaroli yake. Nilieleza vizuri mpaka mwalimu aliponiuliza mapambo yale yote yanashikiliwaje darini. Nikakwama. Baba akasimama.

"Kiingereza changu ni cha saiti," akaniambia. "Wewe tafsiri."

Akaeleza nyuzi za katani zinazochanganywa na jipsamu, waya zinazofichwa, uzito unavyogawanywa. Mikono yake ilichora hewani. Wazazi wakaacha viti vyao, wakamzunguka. Nami nilitafsiri kifua mbele, kana kwamba dari ile niliijenga mimi.

Mwishoni akasema polepole, "Mwambie mwalimu, ule ukumbi wa opera wa hapa Doha, lile ua la katikati ya dari ni la mkono wangu."

Hilo sikulitafsiri. Niliogopa watu watasema anajigamba. Nikasema tu, "Anawashukuru." Makofi yakalia. Baba, aliyeelewa Kiingereza kuliko alivyokiri, alinitazama kidogo, akatabasamu, akaanza kukusanya vitu vyetu.

Nilichelewa sana kuelewa. Jumba hubaki na jina la aliyelichora na la aliyelilipia. Fundi hana pa kuandika lake, isipokuwa kinywani mwa mwanawe. Basi nalisema sasa, wasomaji wangu, na mlisikie vizuri: lile ua ni la mkono wa Mwakio, fundi kutoka Wundanyi, babangu.