Aliyefeli Kuwa Mtoto

Umma unatangaziwa kwa masikitiko kwamba mwalimu wa Kiingereza wa darasa la tatu, mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mama wa watu wazima wanne, amefeli mtihani wa kuwa mtoto. Cheti chake kimebaki mezani.

Wenzake humwita Bi Tena, maana kwa miaka ishirini na sita neno hilo ndilo linalotoka zaidi darasani kwake. Ana watoto themanini na wanane, madawati ishirini na mawili, na ubao wenye shimo pale tarehe inapotakiwa kukaa. Mwalimu mkuu alishamwambia bila kumung'unya maneno: asipoleta cheti cha semina, muhula ujao darasa anapewa mwingine, yeye anahamia stoo ya vitabu.

Basi akaenda kwenye semina, siku nne akanakili mbinu saba za kufundishia. Siku ya tano mwezeshaji, kijana wa shati lililopigwa pasi mpaka likatisha, akasema atafundisha somo la mfano na walimu wawe wanafunzi. Wakawa malaika. Mikono juu, majibu sahihi, wazee wenye vipara wakipigiana makofi kwa kuitambua rangi nyekundu.

Bi Tena akaingia amechelewa. Penseli hana. Akapokonya ya jirani. Alipoambiwa kwa Kiingereza akae, akairudia amri ile kwa sauti ya kwaya, akabaki wima. Alipoulizwa jina lake, akamwangalia jirani amjibie. Kisha akaomba kwenda chooni.

Halafu kipara kimoja kikalala mezani. Mwingine akashtaki kwamba amefinywa. Dakika kumi hazikuisha, somo la mfano lilikuwa marehemu, pamoja na mbinu zake zote saba.

Wakati wa kufunga, mwezeshaji alimwita mbele, kalamu mkononi, akamweleza kwa upole kwamba mwanafunzi wa aina ile si halisi.

"Darasani kwangu anakaa dawati la mwisho, karibu na mlango," Bi Tena akasema. "Ndiye aliyenileta huku."

"Mama, nasaini sasa hivi. Turudie kidogo tu, ila mara hii uwe unaelewa."

Bi Tena akakitazama cheti. Jina lake lilikuwa limeandikwa vizuri, kwa wino wa rangi ya dhahabu. Stoo ya vitabu haina hata dirisha. Akachukua mkoba wake.

"Mimi bado naomba kwenda chooni."