Sauti Mbili za Besi Moja

Joash Maroa alikuwa anapiga randa ubao wa kitanda katika karakana yake mjini Migori, Jumanne moja asubuhi, mwanamke asiyemjua aliposimama mlangoni na begi refu jeusi mgongoni.

"Shikamoo, mzee. Naitwa Bathsheba. Nafundisha muziki kule Homa Bay. Baba yangu alikuwa Job."

Joash akaweka randa chini. Job ndiye aliyekuwa kiongozi wa bendi yao ya muziki wa benga pale Rodi Kopany, Joash akipiga gita la besi, na sasa ulikuwa mwaka wa tisa tangu wamzike. Alimtazama mgeni usoni akaliona paji lile lile pana.

"Nyathi Job!" alisema. Mtoto wa Job. Joash ni Mkuria wa upande wa Kehancha, lakini Kijaluo alikipata kwenye bendi na hakikuwahi kumtoka. "Karibu, mwanangu. Pangusa vumbi ukae."

Bathsheba hakukaa. Alitoa simu. Alikuwa amepata kaseti ya zamani kwenye sanduku la marehemu baba yake, akainakili. "Nimesikiliza wimbo huu mwaka mzima," alisema. "Kuna besi mbili. Nimekuja kuuliza mpigaji wa pili alikuwa nani."

Mchakacho wa kaseti ukaanza, kisha ngoma, kisha besi. Joash alisikiliza kichwa kikiwa chini. Halafu akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Hakuna wa pili. Ni mimi peke yangu."

Ilikuwa mwaka wa tisini na moja, mchana wa siku ya soko kule Rangwe. Elvis, mpiga gita la solo, alikuwa ameenda kusalimia ndugu zake kisiwani Remba. Ziwa likachafuka na boti zikakataa kutoka. Watu walikuwa wamejaa, na benga bila solo ni ugali mkavu. Job akamsogelea, akamnong'oneza, "Maroa, fanya kitu."

Alifanya kitu. Ukingo wa kiganja aliulaza karibu na mwisho wa nyuzi ili mlio wa uzi mnene uwe mfupi, mkavu. Kidole gumba kikawa kinaupiga uzi huo bila kupumzika. Vidole viwili vinavyofuata akavituma kwenye uzi mwembamba, vimtafute Elvis. Wimbo wa kwanza alijikwaa. Wa pili watu wakaacha kucheza, wakawa wanamtazama. Wa tatu mama mmoja muuza dagaa wa omena aliacha beseni lake sokoni akaja kumtunza kwa kitambaa.

Elvis aliporudi alinuna wiki mbili. Baadaye yeye na Joash wakawa wanaulizana na kujibizana, solo kwa besi, na watu walikuja kutoka mbali kuwasikia. Miaka sita iliisha hivyo. Kisha vikaja vinanda vya umeme. Mtu mmoja na kinanda akawa anachukua harusi zilizokuwa za watu saba. Job akarudi shambani. Elvis akahamia Remba kabisa. Joash akashika msumeno.

"Nionyeshe," Bathsheba alisema.

Alitoa gita jekundu la besi la nyuzi tano na amplifaya ndogo, akachomeka. Joash alilipakata, akashangaa lilivyo jepesi. Akajaribu. Kidole cha pete hakikukunjuka. Akajaribu tena, na tena. Bathsheba akageuka, akajifanya anatengeneza waya.

"Vidole vimenitangulia kuzeeka," Joash alisema polepole, akamrudishia. "Piga wewe. Mimi nitakuwa mdomo."

Kwanza alimwomba apige anavyojua. Bathsheba akaweka mikono yote miwili kwenye shingo ya gita, vidole vikigonga nyuzi kama vya karani kwenye taipu. Akagusa uzi kidogo tu katikati, ukalia kama kengele. Akapiga uzi mnene kwa gumba, akauchomoa mwembamba kwa kidole, paa, paa. Joash alihisi wivu, wivu wa kweli wa kijana, akiwa na miaka sitini na nne.

"Unanishinda," alisema. "Lakini hupumui."

Alichana kipande cha sponji kwenye kiti kibovu, akakipenyeza chini ya nyuzi. Akamwambia azime vikanyagio vyote vya kubadili mlio alivyoviunganisha na kupunguza ukali wa sauti. Nyuzi mpya za Bathsheba zilimwudhi kwa kung'aa mno. Enzi za bendi wao walikuwa wanachemsha nyuzi kuukuu kwenye sufuria ili zipate uhai kidogo. "Tumia nyama ya gumba, si ukucha. Gumba linatembea, vidole vinacheza. Anayecheza asimkanyage anayetembea."

Walishinda hapo. Mara gumba lilikimbia, mara vidole viliganda. Jua lilipokuwa limehamia upande wa pili wa karakana, sauti mbili zikaachana, kila moja ikashika njia yake.

Uani sufuria ikaanguka. "Baba Liz!" mkewe Nyaboke aliita. Yeye na Joash walikutana kwenye dansi za Rodi. "Hilo gita umelitoa wapi?"

Nyaboke alikuja mlangoni mikono ikiwa na maji, akamwona msichana ndiye anayepiga. Akamshika mumewe bega.

Mzunguko wa tatu Bathsheba aliingiza vyake: kengele zile, na vidole vya karani. Joash alinyanyua mkono amkataze, kisha akaushusha.

Tangu siku hiyo, kila Alhamisi huenda Homa Bay. Yeye huimba besi kwa mdomo, Bathsheba huitafuta kwa vidole na kuirekodi. Nyimbo za bendi zilikuwa kumi na nne. Kumi na moja zimepatikana. Mbili amebakiwa na maneno tu. Ya mwisho anakumbuka jinsi Job alivyokuwa akifumba macho ilipoanza, ila sauti ya wimbo wenyewe haijamrudia.