Msikiliza mabomba aliyeogopa shimo kavu

Saa kumi na dakika ishirini alfajiri barabara ni tupu, na mbwa wamechoka kubweka. Mwanamume wa miaka arobaini na tisa anapiga magoti kwenye lami mbele ya kifuniko cha mita ya maji. Anashusha fimbo ya chuma mpaka iguse bomba. Juu ya fimbo kuna kikombe cha mbao. Anaweka sikio la kulia kwenye kikombe, anafumba macho, anabana pumzi.

"Kimya," anasema baada ya nusu dakika, kisha anaandika neno hilo kwenye daftari. Anajikung'uta magoti na kwenda nyumba inayofuata.

Kazini wanamwita Sikio. Ni mwajiriwa wa idara ya maji, na kwa miaka kumi na tisa kazi yake imekuwa kutembea mitaani kabla watu hawajaamka, akitafuta maji yanayopotea ardhini. Bomba zima halisemi kitu. Linalovuja lina sauti nyembamba, "kama mafuta yanayoanza kupata moto," na sauti hiyo husikika pale tu redio, pampu na pikipiki zikiwa zimelala. Mwandishi wa simulizi hii alipewa fimbo ajaribu. Alichosikia ni moyo wake mwenyewe.

Kila alfajiri Sikio hupiga magoti zaidi ya mara mia moja. Magotini ana sugu ngumu kama soli ya kiatu, na mkewe humtania kwamba ni mchamungu wa lami. Mchamungu ni kweli. Lakini mtulivu, hapana. Akisimama anahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule, akiongea anafungua na kufunga kofia ya kalamu, na kwa wiki tatu sasa hali chakula akamaliza.

Kisa ni Jumapili. Kanisa lake linafungua tawi kwenye makazi mapya, familia arobaini, na baraza la wazee limemtaka yeye awe mlezi wa tawi hilo. Anatakiwa aache kazi, asome miaka miwili, ahamie huko na familia. Jibu linatakiwa Jumapili hii. Tulipoonana naye ilikuwa Alhamisi.

"Mchungaji ananiambia, 'Ndugu yangu, Mungu anakuita. Unasubiri nini, radi?'" anasema Sikio, kisha anacheka kicheko kisichofika mbali. "Nami nasubiri nisikie. Wote wamesikia kasoro mimi mwenye jina la Sikio. Si aibu hii?"

Kumwelewa, sharti uijue hofu yake, na hofu yake ina jina la kikazi: shimo kavu. Msikilizaji akishaamini amesikia maji, anapaka alama ya rangi ya bluu barabarani. Asubuhi wanakuja wachimbaji na sururu, wanavunja lami, wanachimba mpaka kwenye bomba. Wakikuta udongo mkavu, hilo ni shimo kavu, na wewe uliyepaka rangi huna pa kuuweka uso.

Ndiyo maana kuna sheria ya kusikiliza pande mbili. "Ukisikia upande mmoja, hujasikia bado," anasema. "Sauti hutembea kwenye chuma, inakudanganya. Nenda upande wa pili wa bomba, sikiliza tena. Zikikubaliana, ndipo upake rangi."

Katika miaka kumi na tisa amechimbisha mashimo makavu saba. "Saba ya kazini," anasema, akifunga kofia ya kalamu. "Na moja la nyumbani."

Hilo la nyumbani lina miaka kumi na miwili. Katika wiki ya kufunga na kuomba alisikia, au aliamini amesikia, kwamba aende mji mwingine, safari ya siku mbili, akaanzishe kanisa. Hakumuuliza mtu. Aliomba likizo bila malipo, akauza cherehani ya mkewe, ambaye ni fundi wa nguo, na mkewe akapata habari jioni ile cherehani ilipokwisha kubebwa.

Walikaa miezi minane. Waumini hawakuzidi sita, "ukijumlisha mimi, mama watoto na watoto wawili." Walirudi wameambulia patupu. Idara ilimpokea tena, kwa mshahara wa mtu anayeanza kazi.

Nyumbani kwao, chini ya dirisha la sebuleni, sakafu ya saruji ina vishimo vinne vidogo. Ni alama za miguu ya cherehani. Hakuna aliyewahi kuweka kiti wala meza hapo. Mkewe hushona kwa watu sasa, kwenye mashine za wengine. Anasema hana kinyongo, ila akifagia hupazunguka.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Sikio anaogopa kusema ndiyo, na anaogopa hapana yake isije ikawa woga tu uliovaa suti.

Saa kumi na moja kasoro robo anafika kwenye nyumba yenye geti la kijani. Anapiga magoti, anashusha fimbo. Safari hii hasemi kimya. Anatoa fimbo, anaitazama, anairudisha.

"Hapo tena," ananong'ona.

Bomba hilo halivuji, anaeleza. Sauti ya mvujo haina mapumziko, hii inaanza na kukoma. Ni bomba la uani linafunguliwa kidogo, kwa siri, kama mtu asiyetaka ndoo ipige kelele. Linaendelea dakika arobaini. Ni alfajiri ya ishirini na mbili mfululizo, na kila siku ameandika daftarini maneno yaleyale ambayo idara inataka: matumizi ya mteja. Maana yake si tatizo, pita.

"Mteja gani anafungua maji saa kumi na moja kila siku ya Mungu?" anauliza. "Hata Jumapili, siku yangu ya mapumziko, nilipita nikasikiliza. Mke wangu hajui."

Siri ya mtungi aijuaye kata, na sheria ya kazi ni wazi: pasipo na mvujo hugongi mlango. Sikio anaandika, anainuka, anakwenda. Anasikiliza nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ya tatu anasahau kuandika. Anasimama katikati ya barabara, anavua kofia, anaivaa. Kisha anageuka na kurudi kwa hatua ndefu kama anayefuata kitu alichosahau.

Anagonga geti la kijani kwa kidole kimoja.

Ndani maji yanakoma. "Nani saa hizi?" inauliza sauti ya mzee.

"Shikamoo mzee. Mtu wa maji."

"Marahaba. Maji nimelipa."

"Sijaja kukata, mzee."

Geti linafunguka kiasi cha uso. Mzee amekunja mikono ya shati mpaka juu ya viwiko, na mapovu yanamdondoka kwenye vidole. "Umekuja kufanya nini basi?"

Sikio anafungua kinywa. Mtu huyu huongoza maombi mbele ya watu mia mbili bila kukohoa, lakini hapa anakohoa kwanza. "Hata mimi sijui, mzee," anasema.

Mzee anatazama fimbo, magoti yenye vumbi, uso. Nyuma yake kwenye beseni kuna shuka nzito iliyolowa. "Kama hujui," anasema, "shika hapa."

Anampa ncha moja ya shuka. Wanasimama wakitazamana uani, mmoja anazungusha kulia, mwingine kushoto, na maji yanashuka kama yamefunguliwa upya. Mzee anahema. Anaikunjua ile shuka, anaipapasa, anatikisa kichwa.

"Mwezi wa kumi na nne huu," anasema, "ndiyo mara ya kwanza imekamulika."

Mzee ni dereva mstaafu wa malori. Mkewe alipigwa na kiharusi miezi kumi na minne iliyopita na hawezi kuinuka kitandani, hata kwa haja. Alikuwa mwalimu. Nusu ya watu wa mtaa huo aliwafundisha kusoma, na wengine mpaka leo huvua kofia wakipita getini. Mzee ameapa kwamba hakuna mwanafunzi wa mkewe atakayeona shuka za mwalimu wake kwenye kamba. Kwa hiyo anafua watu wakiwa wamelala, na anaanika ndani, ukumbini. Lakini mtu mmoja hawezi kuikamua shuka ya kitanda kikubwa ikakamulika. Inachuruzika sakafuni kutwa. Mwezi uliopita aliteleza hapo akaumia nyonga, na siku mbili alimhudumia mkewe akitambaa.

"Ningevunjika, nani angejua?" anauliza mzee. Hamuulizi mtu.

Tulimwomba ruhusa ya kuandika haya, akakataa katakata. Kisha sauti ikatoka chumbani, pole pole, neno moja baada ya jingine. "Mwache aandike," alisema mwalimu. "Ila asikosee tahajia."

Sikio alirudi nyumbani saa mbili asubuhi. Binti yao wa mwisho alikuwa ameshakwenda shule, na mkewe alikuwa akifunga kanga aende kazini. Alimwomba akae.

"Nilimwambia, mama, safari ile sikukuuliza. Leo nisikilizie na wewe, upande wako. Kuna tawi, na kuna shuka."

Mkewe hakuuliza habari za tawi. Aliuliza, "Huyo mama anageuzwa na nani?"

"Sijui."

"Mgongo haujachubuka?"

"Sijui."

"Chini ya shuka wameweka nini, ili godoro lisiloe?"

"Jamani, sijui."

"Umekwenda kwa watu umerudi hujui hata kimoja," alisema, akaifungua kanga na kuitundika. "Kidole kimoja hakivunji chawa, baba. Na vyako viwili navyo ni vizito. Leta lile koti lako la mvua."

"La kazini?"

"Lile lile."

Ijumaa mchana mkewe alikodi cherehani kwa siku moja, ikaletwa kwa mkokoteni. Ilisimama chini ya dirisha, lakini miguu yake ni mipana zaidi na haikuingia kwenye vile vishimo vinne, ikakaa kando kidogo. Alilikata koti la idara vipande vitatu, akaviwekea taulo kuukuu upande wa juu, akashona pembeni mara mbili. Sikio alikuwa amesimama mlangoni akilitazama koti lake likiisha.

"Mvua ikinyesha je?" aliuliza.

"Utaloa," alisema fundi bila kuinua uso. "Si unataka kuitwa?"

Jumamosi walikwenda wawili. Fundi alimsalimu mwalimu kwa kupiga goti, akamgeuza ubavu, akautazama mgongo, akatoka uani kumkaripia mzee wa watu, kwa heshima, kwa kumlaza mgonjwa upande mmoja. Mzee alipokea karipio kama zawadi. Alfajiri hiyo hakukuwa na tone ukumbini.

Jumapili baada ya ibada Sikio alimfuata mchungaji ofisini kumpa jibu. Tulisubiri nje, na alipotoka hakuwa na uso wa mtu aliyetua mzigo.

"Hakufurahi," alisema. "Aliniambia nimeuza familia arobaini kwa shuka moja. Aliuliza kama hii si njia ya kujificha. Hata mimi najiuliza. Usiku najiuliza, kwenye lami najiuliza. Labda yeye ndiye aliyesikia vizuri."

Tulimuuliza: kwa nini basi amesema hapana?

Alitafuta kalamu mfukoni, akakumbuka amevaa nguo za kanisani. "Safari ile nilisikia peke yangu," alisema. "Safari hii nimesikia mimi, na aliyekuwa na haki ya kukataa amesikia pia. Aliyenyang'anywa cherehani ndiye aliyesema twende. Mimi sina kipimo kingine. Kama ni shimo kavu, tutasimama ndani yake wawili."

Mkewe, aliyekuwa akimsubiri kwenye geti la kanisa, ana mtazamo mfupi zaidi. "Familia arobaini watapata mlezi, wanaotaka kuitwa mchungaji ni wengi," alisema. "Wanaotaka kukamua shuka, nionyesheni."

Mchungaji naye, kwa haki yake, alitoka mlangoni wakati wanandoa wakiondoka. Aliita kwa sauti, akauliza huko kwenye shuka wanakwenda saa ngapi. Sikio alimjibu saa kumi na moja kasoro robo. Mchungaji alisema yeye amezoea kuamka saa kumi na mbili. Kisha akauliza geti ni la rangi gani.

Sikio ana mpango mmoja. Kabla mwaka haujaisha anataka kumnunulia mkewe cherehani, na amekwenda kuipima miguu ya ile iliyoko dukani kwa kipande cha uzi. Inalingana na vile vishimo. Kuhusu wito, anasema ataendelea kusikiliza, na ameacha kutegemea kwamba siku moja atatulia. "Bomba lililotulia kabisa," anasema, "wakati mwingine halina maji."

Jumatatu, saa kumi na moja kasoro robo, amepiga magoti nyumba tatu kabla ya geti la kijani, sikio kwenye kikombe cha mbao. Wingu limefunga na matone yameanza kudondoka, naye hana koti. Anafumba macho; kwenye chuma inatembea sauti ya bomba la mzee, inaanza na kukoma. Kisha anaandika daftarini, matumizi ya mteja, anabeba fimbo yake, na anakwenda upesi kushika upande wake wa shuka.